Usaha uliokaa kifuani miaka mingi: tusiwafiche madaktari kifua kikuu cha wazee wetu

Katika safu yetu ya afya leo naomba tuzungumze jambo ambalo katika nyumba nyingi hufanyiwa funika kombe mwanaharamu apite. Ni kifua kikuu kilichowahi kuingia katika familia, kikatibiwa, kikaondoka, na baada ya hapo kikapigwa marufuku kutajwa jina lake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilimpeleka mjomba wangu hospitali. Umri wake ulikuwa umeshapita miaka 70. Kwa miezi kadhaa alikuwa analalamika maumivu ya mgongo upande wa kulia, chini kidogo ya bega, na ikifika jioni mwili unapata joto. Sisi vijana wake tulisema ni uzee, tukasema ni godoro, tukasema ni baridi. Mmoja akamchua kwa mafuta, mwingine akamleta mtu wa hijama. Siku mkaza mjomba alipoona kuna uvimbe umejitokeza juu ya mbavu, hauumi sana lakini kila wiki unaongezeka, ndipo tukatafuta gari.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimpapasa mzee, akasikiliza kifua, kisha akauliza: “Mzee huyu amewahi kuugua kifua kikuu?” Kabla mjomba hajafungua mdomo, nikajibu mimi: “Hapana daktari, kwetu ugonjwa huo haujawahi kuwepo.” Nilijibu kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayetetea heshima ya ukoo. Mjomba akainamisha kichwa, hakusema neno.

Nitarudi kwa mjomba mwishoni, insha Allah. Kwanza nataka msomaji ajue kwa nini swali lile liliulizwa, kwa sababu mimi nilipolielewa nilishikwa na aibu.

Hewa iliyopulizwa kifuani

Pafu limezungukwa na utando mwembamba wenye kuta mbili. Ukuta mmoja umegandamana na pafu, wa pili umegandamana na mbavu kwa ndani. Kati ya kuta hizo kuna nafasi finyu yenye majimaji kidogo ya kulainisha, ili pafu liteleze vizuri tunapovuta pumzi. Kifua kikuu kikiingia mahali hapo, nafasi ile hujaa maji. Watu husema “fulani ana maji kwenye mapafu,” ingawa kwa kweli maji yapo nje ya pafu. Yakikaa bila tiba, na vijidudu vikaendelea kushambulia, huweza kugeuka usaha. Na usaha ukikaa, kuta zile huwa nene, hukakamaa, wakati mwingine hushika chokaa na kuwa ngumu kama gamba. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka na miaka. Anafanya kazi, anaoa, anazaa, huku mfuko ule umo kifuani umefungika.

Sasa twende Japani, maana huko ndiko jambo hili lilikojulikana vizuri kuliko pengine popote.

Kabla ya vita kuu ya pili na wakati wa vita, kifua kikuu kiliwamaliza Wajapani kiasi kwamba waliuita ugonjwa wa taifa. Hadi mwaka 1950 ndicho kilichokuwa kikiongoza kwa kuua watu nchini humo. Dawa hazikuwepo. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na ilichukua miaka kufika katika mikono ya wagonjwa wa kawaida. Kwa hiyo madaktari wa dunia nzima walitumia njia iliyobuniwa na daktari wa Italia, Carlo Forlanini, mwishoni mwa karne ya 19. Walimchoma mgonjwa sindano kati ya mbavu na kupuliza hewa katika ile nafasi finyu niliyoieleza, ili pafu bovu lisinyae na lipumzike. Fikra yao ilikuwa kwamba pafu likipumzika, kidonda kitafunga. Kwa kuwa mwili huinyonya hewa ile, mgonjwa alirudi tena na tena kupulizwa upya, pengine kwa miaka kadhaa.

Wengi waliponea hapo, tusiwadharau madaktari wa zamani. Lakini wapo ambao sindano zile, au kifua kikuu chenyewe, viliwaachia usaha kifuani usiokauka. Dawa zilipopatikana, kupuliza hewa kukaachwa, na watu hawa wakasahauliwa. Walishahesabiwa kuwa wamepona.

Mwaka 1987 daktari Iuchi na wenzake wa Japani waliandika kuhusu wagonjwa waliopata saratani ya mitoki, ambayo madaktari huiita limfoma, ndani ya kifua kilichokuwa na usaha wa siku nyingi. Haikuota kwenye mitoki ya shingo au kwapa kama tulivyozoea kusikia. Iliota palepale, kwenye ukuta wa ule mfuko. Mwaka 2002 Wajapani wakachapisha mapitio ya wagonjwa 106 wa aina hiyo. Ndugu msomaji, naomba usome takwimu hizi polepole. Wagonjwa wote walikuwa wamekaa na usaha kifuani kati ya miaka 20 na 64, na wa katikati alikuwa amekaa nao miaka 37. Kiasi cha wanane katika kila kumi walikuwa wamewahi kupulizwa hewa. Wanaume walikuwa wengi mno, kiasi cha 12 kwa kila mwanamke mmoja. Zaidi ya nusu walifika hospitali wakilalamika maumivu ya kifua au mgongo, na wengi walikuwa na homa. Walioweza kuishi miaka mitano baada ya ugonjwa kugundulika walikuwa kiasi cha mmoja tu kati ya watano.

Miaka 37! Mtu aliyeugua akiwa kijana wa miaka 27 anapatwa na haya akiwa na 64, ana wajukuu, na hakuna ndani ya nyumba anayekumbuka kwamba aliwahi kukohoa.

Kwa nini uvimbe wa muda mrefu uzae saratani

Hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu bila kuelewa sehemu hii mtu anaweza kudhani naleta hadithi za kutishana.

Penye vijidudu mwili hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Zikifika huzaliana ili ziwe nyingi. Vita ikiisha zinaamriwa kufa, na mahali pale panatulia. Hivyo ndivyo jipu la kawaida linavyopona. Lakini katika mfuko wa usaha usiokauka, vita haiishi. Amri ya “zaaneni” inatolewa kila siku kwa miaka 30 au 40. Kila chembe inapogawanyika inabidi inakili maagizo yote yaliyomo ndani yake, na anayenakili kitabu kizima kwa mkono mara milioni lazima mahali fulani atakosea herufi. Makosa mengi hayana madhara. Yapo machache yanayoifanya chembe isisikie tena amri ya kufa.

Hayo peke yake hayatoshi. Katika saratani hii kuna mshiriki wa pili, naye ni kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Kisikutishe jina lake. Watu wazima zaidi ya 90 kati ya 100 duniani wanacho, na kwetu Afrika wengi tulikipata tukiwa watoto wadogo kwa njia ya mate. Hujificha ndani ya aina moja ya chembe nyeupe, chembe B, na kwa watu karibu wote hukaa kimya mpaka mtu anazikwa. Historia yake inatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mtafiti wa London aitwaye Anthony Epstein alimsikia akihadhiri mwaka 1961, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe ule kwa ndege kutoka Uganda. Ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua mji mwingine, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yameshachafuka. Badala ya kukitupa wakakitazama, wakakuta chembe hai zinaelea. Kutokana na chembe hizo, mwaka 1964, Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona kirusi hicho. Kwa hiyo kirusi walichokuja kukikuta Wajapani vifuani mwa wazee wao kilitambuliwa kwanza kutokana na watoto wa Uganda.

Katika wale wagonjwa 106 niliowataja, kirusi hiki kilikutwa kwenye saratani za wengi wao, kiasi cha saba katika kila kumi. Wataalamu wanaeleza kwamba kirusi huipa chembe B nguvu ya kuendelea kuishi na kugawanyika, na kwa kawaida kinga ya mwili ingeitambua chembe ya namna hiyo na kuiua. Lakini ndani ya mfuko wenye kuta nene, penye kemikali zinazopunguza makali ya askari, chembe mbovu inapata maficho. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa hao kinga yao ya mwili mzima ilikuwa nzuri tu. Ulinzi ulikuwa umelala mahali pamoja.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliipanga saratani hii katika kundi lenye jina lake, la limfoma zinazotokana na uvimbe wa muda mrefu, kwa sababu imeonekana pia penye mfupa uliooza kwa miaka au kidonda cha mguu kisichofunga. Na hili si geni kabisa kwetu. Watu wa Pwani wanafahamu, au wanapaswa kufahamu, kwamba kichocho cha mkojo kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kidonda cha moto kisichopona miaka 20 kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Mlango ni huohuo.

Atakayesema huu ni ugonjwa wa Wajapani

Kuna msomaji ambaye mpaka hapa amekunja uso. Anasema: mwandishi, sisi hatukupulizwa hewa, ugonjwa wenyewe ni nadra, wagonjwa karibu wote wametoka nchi moja ya mbali, unatupa hofu ya bure.

Ana haki yake. Ugonjwa huu ni nadra, hata huko Japani. Kwa wale wenye usaha wa kudumu kifuani, kadirio linalotajwa ni kiasi cha wawili katika 100. Aliyeugua kifua kikuu akatibiwa akakauka, asilale macho wazi usiku akiwaza limfoma. Na wala saratani hii haiambukizi, mtu asije akatenga sahani ya baba yake.

Lakini mimi silipimi jambo hili kwa limfoma peke yake. Nalipima kwa swali la yule daktari kijana. Tanzania ilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2021 hadi 2025, ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Maana yake ni kwamba waliowahi kuugua ni wengi sana, nao wanazeeka. Kifua kilichowahi kuumwa kinaweza kuleta mambo mengi baadaye: ugonjwa uleule kurudi, fangasi kuota kwenye shimo lililobaki, pumzi kuwa fupi, damu kwenye makohozi, saratani ya kawaida ya mapafu, na mara chache hii niliyoieleza. Yote haya yanafanana mwanzoni. Daktari anayatenganisha kwa kuanzia na historia. Na historia ndiyo tunayomnyima.

Tunamnyima kwa nini? Tuseme ukweli. Tunaogopa posa. Familia ikijulikana ina kifua kikuu, mabinti wanakaa, wavulana wanakataliwa. Tunaogopa watu watasema ni UKIMWI. Tunaogopa baraza litahama kutoka kizingitini petu. Wengine wamekwishaamua kwamba kikohozi kile kilikuwa husuda, hivyo hawaoni kuwa kuna ugonjwa wa kutaja. Nimewahi kuona mtu anakwenda kuchukua dawa kituo cha mbali, nauli mara mbili, ili asionwe na jirani. Dawa zenyewe ni bure katika vituo vya serikali! Nauli ikimshinda anakatisha. Anakatisha mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimekata na mwili umenenepa, wakati tiba ya kawaida ni miezi sita. Wapo pia wanaokatisha Ramadhani ikiingia, kana kwamba hawajui kuwa mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye, na kana kwamba hakuna mtu wa kumuuliza kituoni kama dozi ya mara moja kwa siku inaweza kupangiwa saa nyingine. Vijidudu vilivyobaki havijui kama ni Ramadhani wala Shaaban.

Huyu anayekatisha ndiye ninayemhofia. Usaha wa kudumu kifuani unaanzia hapo, kwa maji yaliyovutwa mara moja bila kupimwa yametoka na nini, kwa mpira wa kutolea usaha uliong’olewa mapema kwa sababu mgonjwa alitoroka wodini, kwa dozi isiyomalizika. Zamani Wajapani walikuwa na udhuru, dawa hazikuwepo. Sisi tuna dawa. Tena mpango wa kuzisimamia dawa hizo vizuri, ambao dunia nzima iliuiga baadaye, ulijaribiwa na kukomaa hapahapa Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, chini ya mtaalamu Karel Styblo. Inasikitisha mwenye kisima kufa kwa kiu.

Sasa niseme ninalolitaka kwa kila nyumba inayosoma gazeti hili. Tunahimizana kuandika wasia. Tunaandika deni la duka, shamba la minazi, nani amewekesha nini. Kwa nini tusiandike ukurasa mmoja wa maradhi? Baba aliugua kifua mwaka fulani, alilazwa mahali fulani, alichomwa sindano miezi mingapi, alitolewa maji au usaha upande gani. Mama alipasuliwa nini. Picha za zamani za kifua zisitumike kuzibia dirisha, nimeziona nyumba mbili zikifanya hivyo. Daktari akiweka picha ya mwaka juzi kando ya picha ya leo, anaona kivuli kipya ambacho katika picha moja peke yake angedhani ni kovu la zamani. Katika limfoma hii jambo hilo ni kubwa, kwa sababu kifua tayari kina utando mnene na chokaa, na uvimbe mpya hujificha humohumo.

Mwenye historia hiyo akianza maumivu ya kifua au mgongo yasiyoondoka, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili, damu kwenye makohozi, pumzi kupungua, au akiona kitu kinajitokeza juu ya mbavu, asichuliwe. Aende hospitali, na wa kumpeleka amwambie daktari habari yote bila kuulizwa. Atapimwa makohozi, atapigwa picha, pengine ya CT-scan, atapimwa VVU. Kipimo cha VVU kisichukuliwe kama tusi. Ipo limfoma nyingine inayoanza kama maji tu kifuani, nayo huwapata zaidi wenye VVU, na daktari hana budi kuzitofautisha.

Kisha ataambiwa akatwe kinyama cha kupima. Hapa ndipo familia nyingi zinapogoma. “Kisu kikiigusa saratani inaamka.” Ndugu yangu, saratani ilikwisha amka zamani, ndiyo maana uvimbe umeonekana. Bila kinyama kile hakuna anayeweza kujua kama ni usaha, kifua kikuu kilichorudi au limfoma, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Ikiwa ni limfoma, mgonjwa hupewa dawa za saratani kwa dripu kwa awamu, wengine mionzi, wachache upasuaji, na kadiri inavyogundulika ikiwa bado ndogo ndivyo mwili unavyozimudu dawa hizo. Mzee aliyecheleweshwa mpaka amekonda hana nguvu ya kuzibeba.

Kuhusu hijama, sitaki nieleweke vibaya, ni jambo lenye nafasi yake kwa Waislamu. Lakini uvimbe unaokua juu ya mbavu si mahali pa kuchanja kabla haujajulikana. Ukiwa ni usaha wa kifua kikuu, mchanjo ule unaweza kugeuka tundu lisilofunga. Watu wa hijama waaminifu ninaowajua wenyewe wakiuona uvimbe wa namna hiyo hukataa, husema mpelekeni hospitali kwanza. Na kwa mama au bibi anayeona haya kufunuliwa kifua, aombe mhudumu wa kike, aingie na mtu wake. Hospitali nyingi huridhia wakiombwa kwa heshima. Asirudi nyumbani kwa sababu hakuuliza.

Nirudi kwa mjomba. Tulipotoka chumba cha daktari siku ile, mkaza mjomba alituvuta pembeni kwenye benchi. Alikuwa amekaa nje, lakini jibu langu alilisikia. Akasema: “Mjomba wenu aliugua kifua mwaka tuliooana. Alichomwa sindano miezi na miezi, akatolewa usaha ubavu huohuo wa kulia. Marehemu bibi yenu akatuapisha tusiseme, kwa sababu dada zake walikuwa hawajaolewa.” Dada hao, mama yangu mmojawapo, wameolewa, wamezaa, wengine wameshatangulia mbele ya haki. Kiapo kilikuwa bado kinalindwa.

Nikamrudia daktari, nikamwambia nilichokisema ni uongo nisioujua kuwa ni uongo. Hakunigombeza. Alimgeuza mzee ubavu, akatuonyesha kovu dogo katikati ya mbavu, ambalo sisi tuliomwogesha wakati wa ugonjwa tulilidhani ni la utotoni. Karatasi za vipimo zikabadilishwa palepale. Alipigwa picha kubwa, akatolewa usaha, akakatwa kinyama.

Majibu yalichukua wiki tatu. Alhamdulillah haikuwa saratani. Kilikuwa kifua kikuu cha ule ujana wake, kilichokuwa kimejifungia ndani ya mfuko mnene zaidi ya miaka 40, na sasa kilikuwa kinatafuta njia ya kutokea kwenye mbavu. Aliwekewa mpira, akameza dawa miezi sita bila kukosa siku, mkaza mjomba akimhesabia vidonge mezani mbele ya wageni wote. Bahasha ya picha zake ipo kabatini, chini ya hati ya nyumba, na juu yake mjomba mwenyewe ameandika kwa Kiarabu na Kiswahili mwaka alioanza kuugua.